Kituo cha kompyuta cha Jumamosi huku Mbagala: nimekaa nacho miezi minne, haya ndo nliyoyaona

Wateja wangu kama wanne watano hivi wameshaniuliza kuhusu hiki kituo nnachowapeleka binti yangu na kaka yake kila Jumamosi, na kila nikianza kuelezea inabidi cherehani isimame, kwaiyo bora niandike yote nimalize. Jina lake silitaji maana kuna sehemu ntawasema na sina ugomvi nao, ila wa huku kwetu Mbagala mkisoma katikati tu mtakijua.

Mi ni fundi nguo. Kompyuta nlikuwa naiona benki na pale steshenari wanapochapa barua za kuombea kazi, basi. Kilichonipeleka sio kupenda teknolojia, ni bei. Elfu tano kwa mwezi kwa familia nzima, sio kwa kichwa. Mdogo wangu aliwahi kulipa laki na ishirini kozi ya miezi mitatu, akatoka na cheti kizuri chenye muhuri na anachojua ni kuandika barua na kuikuza maandishi, afu basi. Kwaiyo niliposikia buku tano nikasema hata wakinidanganya sijafa.

Ila kuna sharti. Mzazi au mlezi lazima aje mwenyewe angalau Jumamosi mbili kwa mwezi akae na mtoto wake kwenye mashine moja. Niliposikia hivyo nikataka kuondoka, Jumamosi kwangu ndo siku watu wanakuja kuchukua nguo za harusi na kitchen pati, we unaniambia nikakae na mtoto kwenye kompyuta? Nikakubali kwa shingo upande, shangazi yao akawa anakaa kibandani mpaka saa saba.

Tuanze na ubaya maana ndo unaokutana nao kwanza, mlangoni pale pale.

Kujiandikisha ni kwa linki. Yani umefika kwa miguu yako, umesimama mbele ya mtu, na huyo mtu anakwambia fungua linki ujaze. Siku ile mbele yangu alikuwa mama mmoja anauza mihogo ya kuchoma, ana kitochi, kile cha kawaida cha tochi, kaka wa mezani anamwambia "mama utapata meseji yenye linki bonyeza", mama anaangalia simu anaangalia yule kaka. Fomu yenyewe ukiifungua inataka imeili. Imeili ya nini jamani, mtu anaandikisha mjukuu! Mpaka akatokea binti mmoja wa kujitolea ndo akamjazia kwenye simu yake na imeili akaweka ya kwake, nadhani yule binti ana wajukuu kama ishirini kwa mujibu wa ile fomu. Nikawa najiuliza, huku kwetu hata bibi asiyejua kusoma anapiga *150*00# anaingia M-Pesa anatuma hela mpaka Lindi bila kuangalia, mtu akitaka kumfikia mama muuza mihogo si afanye kwa staili hiyo, au achukue tu kalamu aandike. Kalamu ipo mezani, nliiona.

Afu sasa ile mashine ya vidole. Mahudhurio wanachukua kwa alama ya kidole, mtoto na mzazi wote, sababu waliyonipa ni kwamba wafadhili wanataka idadi ya kweli. Sawa. Kidole changu kimekataa mara sita. Mi nimeshona miaka kumi na saba, ncha ya hiki kidole cha shahada ina matobo ya sindano na ngozi imekuwa kama kwato, na pasi nayo imeshafanya yake. Jumamosi ile tulikuwa tumepanga foleni akina mama waosha vyombo, wauza mkaa, mzee mmoja fundi ujenzi, mashine inalia tiii inakataa, inalia tiii inakataa, watoto wanatucheka. Walionyolewa na ule usajili wa laini kwa vidole, ule wa mwisho mwisho mwaka 2019 kuingia Januari 2020, wanajua nnachosema, watu walizungushwa hivi hivi. Mtu aliyefanya kazi za mikono maisha yake yote anaambiwa na mashine kwamba hayupo. Na mbaya zaidi kuna watoto wawili waliwahi kurudishwa nyumbani kwasababu kidole cha mlezi wao hakikusoma. Hiyo nililalamika kwa sauti, sikujali.

Walisikia lakini. Wiki mbili baadae dada ticha akaweka kaunta buku pembeni ya ile mashine, ikikukataa unaandika jina unasaini unapita. Sasa hivi karibia watu wazima wote tunaandika kwenye daftari na mashine imebaki ya watoto, wao ndo wanaipenda ile sauti.

Sasa ndani.

Ndani ni chumba kimoja kirefu, bati juu, mapangaboi manne mawili yanazunguka. Laptopu kumi na nne za mtumba, tableti kumi, projekta moja inayopiga rangi ya kijani kidogo. Hedifoni usiulize, nenda na ya kwako, hata zile za elfu tatu za barabarani. Kwa wingi wa watoto wanakaa wawili mpaka watatu kwa mashine. Nilidhani hiyo ni kasoro, kumbe akikaa mmoja peke yake anatafuta gemu la mpira, wakiwa wawili wanabishana na kubishana kwenyewe ndo wanasoma.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kidogo kuliko vyote. Kuna kiboksi kimebandikwa ukutani kwa gundi, ukubwa wake kama pakiti ya sigara, kina taa moja inawaka waka. Kinaitwa Raspberry Pi, kompyuta nzima ile bodi yake ni kama kadi ya benki, Waingereza walianza kuviuza 2012 ili watoto wajifunze kuandika programu kwa hela ndogo. Humo ndani wameweka programu inaitwa Kolibri, ya shirika la Marekani, na ilitokana na vijana wa chuo kikuu kule San Diego waliotaka masomo ya Khan Academy, yale ya bure ya mtandaoni, yafike sehemu isiyo na intaneti. Kile kiboksi kinarusha wifi, ila ni wifi ya humo humo chumbani, haiendi popote. Unaunganisha tableti, unakuta masomo, video, mazoezi, vitabu vya hadithi, vyote viko ndani ya kiboksi. Bando halikatwi hata shilingi. Mtoto hawezi kutoka akaenda kwenye mambo ya ajabu maana hakuna pa kutokea.

Mnakumbuka ile Mei 2024 waya za baharini zilipokatika, mji mzima tunaangalia kaduara kanazunguka kwenye simu, tunadhani bando limeisha tunanunua lingine? Dada ticha anasema ile wiki watoto wao walisoma kama kawaida hata hawakujua. Umeme ndo unawasumbua. Jumamosi moja mwezi wa kwanza wangu LUKU iliisha katikati ya somo, na mwenye kadi yuko Kigamboni kwenye msiba, ikabidi tuchange hapo hapo buku buku. Laptopu za mtumba betri zake zinakufa kabla hujamaliza kusema "zimezima". Tableti ziliendelea, na kile kiboksi wakakichomeka kwenye pawabenki ya mtu, kikaendelea kuwaka waka.

Sasa kuna hiki kitu. Ticha kwenye mashine yake anaona kila mtoto yuko zoezi gani na amekwama wapi. Jumamosi yangu ya pili akaniita, "Mama, hebu njoo uone." Binti yangu yuko darasa la sita, na kwenye hesabu za sehemu amekwama zoezi moja siku tatu mfululizo, nusu jumlisha robo tatu, anajibu nne juu ya sita kila mara. Mi darasa la saba yangu ya zamani, nikajua sasa naaibika. Ila futi ilikuwa shingoni kwangu, huwa naisahau shingoni naenda nayo mpaka kanisani. Nikamwambia, kata nusu mita. Akaweka kidole kwenye hamsini. Ongeza robo tatu. Akahesabu sabini na tano, akafika mia moja ishirini na tano. Nikamuuliza mteja akikwambia hivyo unampimia mita ngapi? Akasema mita moja na robo. Akanyamaza. Afu akarudi kwenye tableti akaandika tano juu ya nne mwenyewe, ikakubali. Tangu hapo kila Jumamosi ticha ananiambia mama fundi usiache futi, na kuna baba mmoja muuza nyama naye sasa anaitwa kwenye kilo na robo kilo.

Hapo ndo nikaelewa lile sharti lao la mzazi kukaa. Ile tableti ilionyesha alipokwama, ila kumkwamua ilibidi niwepo mimi na futi yangu. Na bila ile tableti nisingejua kabisa, maana nyumbani nikimuuliza shule vipi anasema poa.

Saa tano wadogo wanafanya Scratch, ile ya kupanga vipande vya rangi vya maelekezo mpaka katuni itembee, na wameiweka kwa Kiswahili kwaiyo mtoto hasubiri ajue Kiingereza ndo aanze. Binti yangu na mwenzake wametengeneza daladala inakwepa mashimo, na sauti ya konda wamejirekodi wenyewe, "Rangi Tatu Rangi Tatu nyuma kuna siti!" na siti hakuna, kama kawaida.

Kwa wakubwa hali ni tofauti kidogo. Kaka yake amemaliza kidato cha nne anasubiri matokeo, masomo mengi ya sekondari mle ndani ni Kiingereza na mengine hayafuati silabasi yetu, kuna mazoezi ya hela za dola na maili, mtoto wa Mbagala maili anapeleka wapi. Huyu angeboreka aache. Kilichomshika ni kazi waliyopewa vijana: leta hesabu ya biashara ya nyumbani kwenu uipange kwenye Excel, ile programu ya kupanga na kupiga hesabu. Akaniomba daftari langu la madeni.

Jamani.

Tulikaa naye Jumamosi mbili. Sketi ya shule nashona elfu kumi na tano, kitambaa kikiwa changu. Kichwani mwangu siku zote nlikuwa natoa hela ya kitambaa inayobaki ndo faida. Mtoto anauliza, kitambaa shilingi ngapi? Mita moja na nusu, elfu sita kwa mita, elfu tisa. Zipu? Mia tano. Kanvasi ya kiunoni? Mia tano. Uzi? Nikasema uzi hauhesabiki, akasema mama unaununua au unaota? Weka mia tatu. Kifungo mia. Akajumlisha elfu kumi na mia nne, inabaki elfu nne na mia sita. Nikasema sio mbaya. Akasema subiri, fremu unalipa ngapi, laki, umeme elfu ishirini, kwa mwezi unatoa nguo ngapi? Tukahesabu kwenye daftari, kama arobaini. Kwaiyo kila nguo inabeba elfu tatu. Imebaki buku na mia sita mama. Kwa sketi nnayokaa nayo karibu masaa mawili! Na hapo bado hajaingiza yale madeni, alipoyajumlisha yakaja laki moja na themanini na saba elfu, kuna mtu humo nilishasahau kama ananidai au namdai.

Sikusema kitu nikaenda kununua maji nje. Nliporudi yule mama wa mihogo alikuwa ameshavuta kiti kwa mwanangu, anamwambia na mimi niandikie mkaa na mafuta. Ile siku kijana wangu aliandikia watu wanne. Sketi sasa ni elfu kumi na nane, msinilaumu, laumuni Excel.

Sasa nirudi kwenye lawama kidogo kabla sijasahau. Picha. Hawa watu wanapiga picha kupita kiasi, kila ukiinua kichwa kuna mtu na simu. Mwezi wa pili nikaona binti yangu kwenye ukurasa wao, jina lake, shule anayosoma, darasa, na maneno kwamba anatoka kwenye mazingira magumu. Mazingira magumu gani, kala chapati na chai asubuhi ile! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na imeanza kufanya kazi Mei 2023, mzazi anatakiwa kuulizwa kwanza na kuelezwa taarifa ya mwanae inaenda wapi. Kwenye ile linki ya kujiandikisha kulikuwa na kiboksi cha kutiki kimeandikwa "nakubali masharti" na masharti yenyewe ni Kiingereza. Nlipoenda kuongea nikaambiwa ni kwa ajili ya ripoti. Picha waliitoa baada ya siku tisa na kwangu tu, za watoto wa wenzangu zipo. Na zile alama za vidole vya watoto nimeuliza zinatunzwa wapi na nani, mpaka leo najibiwa "zipo salama mama". Hapo nawakata nyota nzima.

Nyota nyingine nusu nawakata kwa grupu lao la WhatsApp. Ratiba ikibadilika inatangazwa kule tu, saa nne usiku, katikati ya maua ya asubuhi njema na video za mahubiri. Wenye vitochi wanafika wanakuta kufuli. Meseji ya kawaida inafika simu zote, tena ni hela ndogo.

Ila kuna kipindi kimoja cha familia kinaweza kuwarudishia nyota zote, niwe mkweli. Jumamosi ya mwisho wa mwezi hakuna kompyuta, ni simu tu, simu yoyote uliyonayo, na watoto ndo wanafundisha wakubwa. Mada ya mwezi uliopita ilikuwa matapeli. Ticha akauliza nani hajawahi kupata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", hakuna mkono hata mmoja ulionyooka, bibi mmoja wa kama miaka sabini akasema mimi nilituma, elfu arobaini, nilidhani mwanangu. Chumba kikacheka afu kikaacha kucheka.

Wakatufundisha kupiga *106#, inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Chumba kizima tukapiga pamoja, sauti za batani kama mvua inaanza kwenye bati. Yule bibi anasaidiwa na mjukuu wake wa miaka kama kumi na moja, mtoto anamsomea, "bibi una laini hii yako, na hii, na hii." Bibi anasema mi nina laini moja. Mtoto anasoma tena, zipo tatu. Bibi kashika shavu, nani kachukua kidole changu? Akakumbuka kuna kijana alikaa na mwamvuli karibu na soko akamwambia weka kidole tena mama haijakamata, weka tena. Ticha akamwandikia kwenye karatasi aende duka la kampuni ya simu na kitambulisho azifute, na Jumatatu alienda na mjukuu wake, najua maana walipita kwangu kuniachia kanga ya kupinda.

Na wakatuonyesha meseji ya tapeli ukiipata usiifute kwa hasira, itume kwenda 15040 pamoja na namba iliyokutumia. Watoto walifanya mchezo, mmoja tapeli mmoja bibi, yule tapeli alikuwa mjuzi mpaka nikaogopa anakotoka.

Kwa yote haya nawapa tatu na nusu kati ya tano. Mkienda fikeni saa mbili na nusu, saa tatu viti vya karibu na pangaboi zima vimeisha, bebeni hedifoni na ekstensheni ya kwenu, na ukikataliwa na mashine usibishane nayo, omba kaunta buku. Kwenye ile fomu kile kiboksi cha "nakubali masharti" usitiki mpaka dada ticha akueleze, mwambie mama fundi kasema.

Yule bibi alifuata kanga yake juzi. Kaingia kibandani hata shikamoo yangu hakuiitikia, kanyoosha simu, "Soma hii, leo nimepata nyingine, nimeshamtuma kumi na tano arobaini." Nikasoma. Ilikuwa ni mtandao wake unamkumbusha bando linakaribia kuisha.